Kelele Zilizomtangulia Mgeni

Saa moja jioni, katika kijiji cha Ukambani ambako nyaya za stima hazijafika, mambo mawili hutokea karibu kwa pamoja. Ndani ya nyumba mtu hubonyeza swichi, taa ya sola ikawaka. Juu, kilomita 60 hadi 90 kutoka ardhini, tabaka la hewa ambalo mchana kutwa lilikuwa limechajiwa na jua huanza kufifia. Redio ya mawe iliyo juu ya kabati, ikiwa imefunguliwa upande wa MW, huyasikia yote mawili. Taa huingia kama mkoromo, mfano wa nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Anga huingia kama wageni wasioalikwa: Kiarabu, Kiamhari, muziki usiojulikana umetoka wapi, vyote vikipandana juu ya stesheni ambayo mchana ilikuwa na uwanja wake peke yake.

Miaka zaidi ya 20 sasa, wahandisi wa redio duniani wamekuwa wakigombana kuhusu jambo linalofanana na hilo. Je, masafa ya kati, yale yaliyoandikwa MW au AM usoni mwa redio, yanaweza kubeba matangazo ya kidijitali bila kuwaharibia majirani? Marekani ugomvi huo ulifika kwa wasimamizi wa mawasiliano. India mitambo imeshajengwa. Kitui na Makueni, kaunti za Ukambani, hakuna mlingoti hata mmoja wa masafa ya kati unaorusha redio ya kidijitali, lakini kelele za vifaa vya kidijitali zimeshaingia nyumbani na kukaa. Mgeni hajafika, vishindo vyake vimetangulia.

Ili kuelewa kwa nini, inafaa kuanza na udongo.

Wimbi la masafa ya kati mchana husafiri likiwa limeshikamana na ardhi. Juu ya bahari huteleza mbali sana. Kwenye udongo mweusi wenye unyevu huenda vizuri. Kwenye mchanga mkavu na miamba huchoka mapema. Sehemu kubwa ya Kitui, kuanzia Mutomo na Ikutha kusini hadi Kyuso na Tseikuru kaskazini, ni ya aina hiyo ya tatu. Lakini wimbi hilo lina sifa moja ambayo FM haina: halihitaji kuonana uso kwa uso na redio. Hupinda na kufuata mgongo wa ardhi. FM husafiri karibu kama mwanga, na mwanga ukikutana na kilima husimama hapo. Nchi ya Wakamba imejaa vilima. Mbooni na Kilungu zimesimama upande wa Makueni, Mutitu upande wa Kitui, na kati ya kaunti hizo mbili uwanda wa Yatta, uliotokana na mtiririko wa lava wa karibu kilomita 300, umejilaza kama ukuta wa boma.

Katika nchi kama hiyo, redio ya masafa yanayopinda ilikuwa na faida tangu mwanzo. Utangazaji ulianza Kenya mwaka 1928, ukiwalenga walowezi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waafrika wengi, Wakamba wakiwa miongoni mwao, walipelekwa vitani na King's African Rifles, na serikali ya kikoloni ikaona haja ya kuzungumza na jamaa waliobaki nyumbani. Mwaka 1953 ikaundwa huduma ya utangazaji kwa Waafrika, na Kikamba kikapata nafasi pamoja na Kiswahili, Kikuyu, Kijaluo na lugha nyingine. Mwaka 1964 shirika la utangazaji la Kenya, KBC, likawa Sauti ya Kenya, VoK. Mwaka 1989 likarudi kuitwa KBC. Majina yalibadilika, desturi ikabaki. Watu wazima wa Ukambani wanaikumbuka redio iliyofunikwa kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, ikifunguliwa wakati wa habari na matangazo ya vifo, kisha ikizimwa haraka ili mawe yasiishe.

Mawe yakilegea, yalitolewa yakaanikwa juani. Jioni yalirudishwa, na redio ikapata dakika chache zaidi za uhai.

Nani atumie masafa gani halikuwa jambo la kila nchi kujiamulia. Mwaka 1975 mataifa ya Ulaya, Afrika, Asia na Pasifiki yalikutana Geneva yakagawana masafa ya kati kama watu wanaopimiana mashamba. Mpango huo ulianza kutumika Novemba 23, 1978, na unatumika hadi leo. Kila chaneli ilipewa nafasi ya kilohezi 9. Ukianzia 531 na kupanda kwa hatua hizo hadi 1602, unapata chaneli 120, basi. Chaneli 120 kwa mabara hayo yote haziwezi kutosha bila watu wengi kutumia moja. Mchana hilo si tatizo, kwa sababu lile tabaka la chini la anga hulinyonya wimbi lolote linalojaribu kupanda. Usiku tabaka hilo halipo. Wimbi hupanda hadi tabaka za juu zaidi, hugonga, hurudi ardhini mamia au maelfu ya kilomita kutoka lilikozaliwa. Nchi za kaskazini giza huja mapema au kuchelewa kulingana na majira. Kitui, iliyo karibu kabisa na ikweta, wageni hufika karibu saa ile ile mwaka mzima.

Katika mashamba hayo yaliyopimwa kwa kilohezi 9, fundi anakuja na wazo jipya.

Wamarekani ndio waliotangulia kulijaribu kwa ukubwa, na njia yao ilikuwa ya kupanda mbegu mbili kwenye shimo moja. Oktoba 2002 tume yao ya mawasiliano, FCC, iliruhusu mfumo unaojulikana leo kama HD Radio. Stesheni ya AM iliendelea na matangazo yake ya zamani katikati ya chaneli, huku ishara za kidijitali zikiwekwa ubavuni, kulia na kushoto. Ubavu huo ulikuwa mpana: ishara nzima ilifika kilohezi 15 kila upande, jumla 30, katika nchi ambayo chaneli zimeachana kwa kilohezi 10. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mwenye shamba aliyefyeka mpaka pale ameshaingia kwa jirani.

Jirani alisikia nini? Alisikia mvumo mfululizo usio na maneno, kama mvua juu ya mabati. Ishara ya kidijitali ikipokewa na redio ya kawaida haigeuki kuwa sauti ya mtu. Hubaki kuwa kelele tupu. Aliyekuwa karibu na mlingoti wa stesheni yake hakuathirika sana, maana ishara kali humeza kelele dhaifu. Aliyeumia ni yule wa pembezoni, anayeipata stesheni kwa shida.

Mwanzoni mfumo uliruhusiwa mchana pekee. Septemba 14, 2007 uliruhusiwa usiku pia, na hapo malalamiko yakaongezeka, kwa sababu usiku jirani si wa mji wa pili tu, ni wa jimbo la tatu na la nne. Stesheni nyingi zilizoanza kwa shangwe zikazima sehemu ya kidijitali, baadhi usiku tu, nyingine moja kwa moja. Baadaye likaja jaribio la aina nyingine. Mwaka 2018 stesheni ya WWFD ya Frederick, Maryland, kwenye kilohezi 820, iliacha kabisa matangazo ya zamani ikawa ya kidijitali peke yake, na ishara yake ikawa nyembamba kuliko ya mchanganyiko. Oktoba 27, 2020 FCC iliruhusu stesheni yoyote ya AM inayotaka kufuata njia hiyo ifanye hivyo kwa hiari. Ugomvi wa ubavuni ukapungua, na swali jipya likazaliwa: msikilizaji mwenye redio ya zamani anafungua stesheni yake na kukuta mvumo mtupu.

Mfumo wa Marekani wa kuchanganya haungeweza kuletwa Kenya kama ulivyo. Katika mpango wa Geneva, ishara yenye upana wa kilohezi 30 ingekanyaga zaidi ya chaneli tatu. Kwa nchi zenye hatua za kilohezi 9 kuna mfumo mwingine, DRM, yaani Digital Radio Mondiale, uliotengenezwa tangu mwanzo utoshee ndani ya chaneli moja. Akashvani, shirika la utangazaji la India, lina mitambo zaidi ya 30 ya masafa ya kati yenye uwezo huo. Afrika Kusini, Radio Pulpit iliujaribu karibu na Pretoria kwenye kilohezi 1440 kuanzia mwaka 2014.

Wasimamizi wa mpango wa Geneva nao waliweka kinga. Anayebadili chaneli yake ya AM iwe ya kidijitali lazima ashushe nguvu kwa angalau desibeli 7 kila upande. Kwa lugha ya sokoni, mtambo wa kilowati 100 unashuka hadi 20. Sababu ni kwamba ishara ya kidijitali hujaza chaneli yote kwa uzito ule ule, bila kupumzika, wakati ile ya zamani huweka nguvu zake nyingi katikati na kuacha pembeni patulie kila mtangazaji anapovuta pumzi. Watetezi wa DRM huligeuza sharti hilo kuwa sifa: bili ya umeme inashuka, sauti inakuwa safi kama ya FM, na chaneli moja inaweza kubeba vipindi zaidi ya kimoja pamoja na maandishi na tahadhari za maafa.

Karatasini, Ukambani ni mahali palipotengenezewa teknolojia hiyo. Kwa sensa ya 2019 Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 walioenea kwenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, Makueni 987,653. Kuwafikia kwa FM ni kupanda mlingoti juu ya kilima, kisha mwingine upande wa pili wa kilima hicho. Mtambo mmoja wa masafa ya kati ungevuka vilima vyote hivyo. Lakini karatasi haisikilizi redio saa moja jioni.

Kuna jaribio ambalo mtu yeyote mwenye redio ya MW anaweza kulifanya bila kifaa cha ziada. Ifungue mahali pasipo na stesheni, sauti iwe ya wastani, kisha isogeze polepole kuelekea kwenye kile kisanduku kidogo cha sola kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Hatua tano kutoka hapo kuna ukimya wenye mchakacho kidogo. Hatua mbili, mkoromo unaanza. Ukiiweka karibu kabisa, redio inalia kama mashine ya kusaga. Chomeka chaja ya simu na sauti ya mkoromo inabadilika. Washa balbu ya pili na inapanda tena.

Kisanduku hicho, kama chaja na balbu nyingi za LED, kina swichi ndogo inayowasha na kuzima umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ndiyo siri ya kufanya kazi bila kupoteza nguvu nyingi kwa joto. Kila mwasho ni mshtuko mdogo, na mshtuko una mwangwi wake. Swichi inayopiga mara 50,000 kwa sekunde huacha alama kwenye kilohezi 50, 100, 150 na kuendelea. Ikifika kwenye masafa ya kati inagonga 550, 600, 650, hadi 1600, alama 22 zilizopangwa kama meno ya kitana. Kwa kuwa swichi za bei nafuu hazitulii mahali pamoja, kila jino huyumba na kufunika stesheni za kando. Kuna vichujio vya kuzuia hayo. Ni koili na kapasita za bei ndogo tu, na ndizo za kwanza kuachwa na mtengenezaji anayetaka bidhaa yake iwe rahisi kuliko ya mwenzake.

Makueni ina historia yake ya kujivunia katika mambo ya sola. Septemba 2012, katika soko la Kitonyoni, mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza uliwasha mtambo wa sola wa kilowati 13.5, ukaunganisha maduka, shule na zahanati. Paneli zilitandazwa juu ya paa refu ambalo pia hukinga maji ya mvua, na wakazi wenyewe wakawa na hisa katika uendeshaji. Mbali na miradi mikubwa kama huo, sola ndogo za kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa zimeingia kwenye maboma yasiyo na idadi. Hakuna anayetaka kurudi kwenye koroboi. Moshi wake ulichoma macho ya watoto waliokuwa wakisoma, na mafuta ya taa yalikula pesa za nyumba.

Ukambani si peke yake katika hili. Watengenezaji kadhaa wa magari ya umeme waliondoa AM kwenye redio za magari yao kwa sababu mota na swichi zake hutoa kelele kwenye masafa hayo. Ford ilitangaza mwaka 2023 kwamba itafuata mkondo huo, kisha mwezi Mei mwaka huo huo ikabadili msimamo baada ya wabunge wa Marekani kulalamika kwamba tahadhari za dharura hupitia AM. Huko mwenye gari alipata wa kumsemea bungeni. Mwenye kisanduku cha sola nje ya Mutomo anaipiga redio kofi na kudhani imezeeka.

Kelele hizo zina maana gani kwa redio ya kidijitali? Redio ya zamani huzeeka kwa adabu. Ishara ikidhoofika, mchakacho unaongezeka, lakini sikio la binadamu lina werevu. Linaokota jina la marehemu, jina la soko, tarehe ya mazishi. Ya kidijitali haina uzee. Inasikika safi kabisa hadi kiwango fulani, kisha inakatika, kama simu iliyoishiwa chaji. Mkoromo wa sola ambao leo unamkera tu msikilizaji wa MW, kwa redio ya kidijitali iliyo pembezoni unaweza kuwa ndio tofauti kati ya kusikia yote na kutosikia chochote. Ongeza juu yake wageni wa usiku, na ile nguvu iliyopunguzwa hadi moja ya tano ili kuwalinda majirani. Anayelindwa na anayeadhibiwa wote ni msikilizaji wa pembezoni, ila wanaishi nchi mbili tofauti.

Wakati wahandisi wakibishana, wasikilizaji walihama. Tangu FM za watu binafsi zianze Kenya miaka ya 1990, na zile za lugha za nyumbani zilipoongezeka miaka ya 2000, Kikamba kilipata stesheni zake, Musyi FM na Mbaitu FM zikiwa miongoni mwake. Kusini mwa Makueni, Nthongoni, vikundi zaidi ya 30 vya akina mama viliungana chini ya jina Mang'elete. Walianza na kazi za maendeleo, kwa desturi ile ile ya mwethya ya kusaidiana kulima na kujenga, na mwaka 2004 wakawa na redio yao, Radio Mang'elete, wakisaidiwa na shirika la EcoNews Africa. Ilikuwa redio ya jirani kwa jirani: kilimo, afya, ukame, kwa Kikamba cha pale pale.

FM haikuwashinda wazee wa masafa ya kati kwa usafi wa sauti peke yake. Ilishinda mfukoni. Kabambe, simu ndogo ya vibonyezo inayokaa na chaji siku kadhaa, ina FM ndani yake na waya wa spika za masikio ndio antena. Haina AM. Mkoromo wa sola nao hausumbui FM kwa kiasi kile, kwa sababu iko juu zaidi, kwenye megahezi 87.5 hadi 108, ambako meno ya kitana yameshachakaa, na kwa sababu namna FM inavyobeba sauti haijali sana mishtuko ya nguvu. Anayebaki kwenye MW ni yule ambaye kilima kimemzibia mlingoti wa FM. Ni yeye hasa ambaye redio ya kidijitali inaahidi kumsaidia, na ni yeye hasa asiye na kifaa cha kuipokea.

Kuhusu vifaa, Wakenya wana kumbukumbu ya karibu. Februari 2015 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analojia ya televisheni, na vituo vikubwa vya binafsi vikatoweka hewani karibu wiki tatu katika mvutano kuhusu nani abebe ishara zao. Runinga zilizokuwa nzima kabisa jana yake zikawa sanduku la kuwekea vitambaa hadi mwenyewe anunue king'amuzi. Ila king'amuzi kimoja kilitosha nyumba nzima, na kiliifufua runinga ile ile. Redio hazina king'amuzi. Iliyo jikoni, iliyo dukani, iliyofungwa kwenye baiskeli, kila moja ingepaswa kubadilishwa, na redio za DRM bado ni chache sokoni na ghali kuliko redio ya kawaida ya dukani. India ilipita pembeni ya tatizo hilo kwa kupitia magari mapya, yenye redio hizo tangu kiwandani. Njia ya kutoka Kyuso kwenda Tseikuru haipitwi na magari mapya mengi.

Wanaoijua MW tangu VoK wana ujanja wao, na una fizikia kamili ndani yake. Redio ya AM haitegemei ule waya wa kuvuta. Ndani yake kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Kijiti hicho husikia vizuri ubavuni na huwa kiziwi kwenye ncha zake mbili. Ukiizungusha redio polepole mezani, kuna pembe moja ambapo ncha inaelekea kwenye kelele, na mkoromo unazama ghafla. Stesheni ikiwa upande mwingine, inabaki.

Mvua ambazo Ukambani inazitegemea zaidi ni za Oktoba hadi Desemba, na kabla hazijaanza Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake. Mwenye shamba la ndengu anataka kujua kama apande mapema au asubiri. Huo ndio wakati wa kumwona mzee akitoka nje na redio yake, hatua kumi kutoka kwenye nyumba, akiiweka juu ya kigoda chini ya mwembe. Anaizungusha kidogo, anasikiliza, anairudisha nusu, mpaka mtangazaji anatokeza kati ya Mwarabu na mkoromo. Nyuma yake dirisha lina mwanga mweupe wa sola, na ndani mtoto anamalizia kazi ya shule. Mzee hamwambii azime taa. Anaisogeza redio hatua moja zaidi, gizani.